Fahali wa Shivachi

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali zamani ya juzi hivi, alikuwako kijana wa kijiji cha Mukhonje aliyeitwa Shivachi. Mabega yake yalikuwa mapana kama mlango, na miguu yake haikujua kutembea mahali ilipoweza kukimbia.

Baba yake akasema, "Hapa hakuna mpira mpaka mahindi yapaliliwe."

Dada yake mkubwa, Ingosi, akamvuta kando. "Nenda mazoezini. Mistari yako nitaipalilia mimi."

Na Ingosi mwenyewe alikuwa mkimbiaji. Katika mbio za wilaya wasichana wenzake hawakuujua uso wake, waliona visigino tu. Lakini hakuna akimbiaye na jembe mkononi. Msimu wa kwanza Ingosi akalima, Shivachi akakimbia. Msimu wa pili Ingosi akalima, Shivachi akakimbia. Msimu wa tatu mbio za wilaya zikaja zikapita, na Ingosi alikuwa shambani.

Shuleni alikuwako Mwalimu Lumadede, aliyefundisha raga ya watu kumi na watano, raga ya kwetu. Siku moja akamwita Shivachi.

"Kijana, kuna raga nyingine, ya watu kumi na watatu. Huku haina hata uwanja. Ng'ambo ni kazi, mtu huoa na kulea watoto kwayo. Wewe umeumbiwa hiyo."

"Sheria zake ni zipi, Mwalimu?"

"Hata mimi sizijui. Tutajifunza."

Wakajifunza kwa kutazama video, wakirudia na kurudia, mpaka timu moja ya kaskazini mwa Uingereza ikamwita akajaribiwe. Ilikuwa wiki ya fainali za shule. Mwalimu akamwambia, "Nenda." Bila yeye shule ikashindwa fainali, na kwa kosa hilo Mwalimu akahamishwa.

Mechi ya kwanza ng'ambo, Shivachi akaangushwa. Akauachia mpira, kama raga ya kwetu inavyotaka. Kumbe katika ile ya kumi na watatu aliyeangushwa haachii! Huukumbatia mpira, huinuka, huuviringisha nyuma kwa kisigino, na mwenzake huuokota. Mpinzani akauchukua mpira ule kama yai lililotagwa njiani, akaenda kufunga. Uwanja mzima ukacheka.

Mwalimu akapiga simu. "Nimeona. Umetaga."

"Nirudi nyumbani, Mwalimu?"

"Kufanya nini? Kuku hafi kwa kutaga. Ukianguka, kumbatia. Ukikumbatia, inuka."

Basi akaanguka, akakumbatia, akainuka. Mwaka wa kwanza wakamzoea. Mwaka wa tatu wakaliimba jina lake, ingawa walilitamka vibaya. Mwaka wa nane akawa nahodha, na timu ikafika fainali.

Katika timu ile Mkenya mwenzake alikuwa mmoja tu, Ochola, mtu wa Kisumu. Zilibaki dakika kumi. Timu yao ilikuwa mbele kwa pointi mbili. Shivachi akapigwa bega kichwani. Akaanguka, akakumbatia, akainuka, lakini akageukia lango lake mwenyewe.

Ochola akamshika jezi. "Omera, ndugu yangu, wapi huko?"

Shivachi akamtazama, akasema, "Dada Ingosi, jembe umeliweka wapi?"

Ochola akainua mkono, akamwita daktari.

Hapo Shivachi akazinduka. "Usimwite! Fainali hii nimeingoja miaka minane!"

"Nichukie kesho," Ochola akasema. "Ila kesho uwepo."

Nahodha akatolewa. Timu ikashindwa. Daktari akasema pigo la pili siku ile lingemrudisha Shivachi nyumbani ndani ya sanduku. Lakini mashabiki hawakuwa na masikio, wakamlaumu Ochola, na timu ikamfukuza. Shivachi akapona, akacheza miaka mitano zaidi, akaliinua kombe mara mbili. Kisha akatundika njumu, akarudi Mukhonje.

Sasa, Mukhonje wana desturi yao. Shujaa akirudi hupewa fahali wa kupigana. Lakini fahali huyo hakai kwa shujaa. Hupelekwa kwa mtu aliyemfanya shujaa, hupewa jina la mtu huyo, na jina hilo huimbwa kwa ngoma za isukuti kila anapoingia kupigana. Jina halibadilishwi. Na fahali hagawanywi, maana fahali akigawanywa ni nyama.

Wakasimama watatu.

Ingosi akanyoosha viganja. "Tazameni. Alikimbia kwa miguu yangu. Jembe lingekuwa mkononi mwake, Mwalimu angemfundisha nani?"

Mwalimu akasema, "Wenye nguvu wamejaa Mukhonje, wanabeba magunia sokoni. Nani aliwaonyesha njia? Huyu nilimwonyesha, na alipochekwa nikamsimamisha."

Ochola akajikuna kichwa. "Mimi mgeni. Huyu fahali wenu hata sijui nitampandisha basi gani." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Ninyi wawili mlimwambia nenda. Dunia nzima ilimwambia nenda. Mimi peke yangu nilimwambia simama. Makombe yake mawili niliyaona kwenye runinga."

Fahali akachimba udongo kwa kwato.

Khayumbi, kiongozi wa ngoma, akapaza sauti. "Shivachi, mikono inawasha! Tumwimbe nani?"

Shivachi akaishika kamba. Akamtazama dada yake, akamtazama mwalimu wake, akamtazama ndugu yake wa uwanjani. Maishani alikuwa ameangushwa mara nyingi asizoweza kuzihesabu, na kila mara alijua la kufanya. Akaikumbatia kamba kifuani, akajaza pumzi, akafungua mdomo.

Nanyi mnaonisikiliza, ngoma zinangoja, fahali anangoja. Aliyelima ili mwingine akimbie, aliyeonyesha njia asiyoijua, na aliyesimamisha mbio ili mkimbiaji aishi: je, kamba ya fahali yule ilistahili kwenda mkononi mwa nani?