Jina la Mtoto wa Nakijwa

Hapo zamani, wakati wasikilizaji walikuwa hawamkatizi msimulizi kama ninyi, alikuwapo Nakijwa, binti wa mlimani, kwenye msitu na ukungu. Akaolewa bondeni na Mbonea, mpika chumvi. Bondeni huko hakukuwa na kivuli ila cha nyumba. Walipendana, hilo msinibishie. Lakini usingizi ulimkimbia Nakijwa, chakula kikamshinda, naye ana mimba. Dawa chungu, dawa tamu, wapi.

Siku moja Namangi, mama mkwe wake, alileta ndizi zilizofungwa kwa majani mabichi ya mlimani. Nakijwa akaziacha ndizi, akayanusa majani, akalia. Jioni ile alikula. Namangi akamwambia mwanawe, "Baba, mkeo haumwi homa. Anaumwa kwao. Mpeleke kwenye miti."

Mbonea akaiacha chumvi yake imeanikwa uwanjani, akambeba mkewe mgongoni mpaka juu. Nyuma yake mvua ikanyesha, chumvi yote ikaenda na maji.

Na msitu wenyewe ulikuwapo kwa sababu ya Mrutu, kaka yake Nakijwa. Mwaka wa njaa ukoo ulitaka kuufyeka upandwe mahindi. Mrutu akalala kwenye mizizi, akasema, "Anzeni na mimi." Ndugu zake hawajamsamehe.

Nakijwa akawa anatembea chini ya miti ile asubuhi, anasikiliza maji. Usingizi ukarudi, mashavu yakajaa, akajifungua salama.

Desturi yao ilikuwa hii: mtoto hupewa jina la aliyemponya mama, na mama hukaa kwa mwenye jina mpaka mtoto ang'oe meno ya utoto.

Namangi akasema, "Niliyeujua ugonjwa ni mimi. Bila mimi mngemzika."

Mbonea akasema, "Mama, kujua hakumpandishi mtu mlima. Nilimbeba, nikabaki mikono mitupu."

Mrutu akasema, "Ungembeba umpeleke wapi, shemeji? Kwenye mahindi?"

Wakamgeukia Nakijwa. Alikuwa ananyonyesha, mgongo kauegemeza mtini, macho yako bondeni, kwenye moshi wa majiko ya chumvi. Akishuka, atautamani msitu mpaka augue tena. Akibaki, kila jioni atautazama moshi ule na kumtamani mumewe.

Mimi nimeishia hapo, mtoto bado hana jina. Haya, mliokuwa mkinikatiza, semeni sasa: je, nani alistahili?