Chungu cha Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, na sogeeni karibu maana sirudii, Nyati aliishi na mwanawe Tindo kando ya mto. Jirani yao alikuwa Bi Pimbi, mdogo kama kiatu, mkazi wa majabalini.

Ukame ukaingia. Kundi zima la nyati likaamua kuvuka mto kesho yake alfajiri kufuata majani, na asiyevuka ataachwa. Tindo hakutaka hata kuyakaribia maji. Tayari ilikuwa siku ya tatu hali chakula wala hasemi neno. Baba yake alimfokea mpaka mate yakamruka: nyati haogopi, nyati halii. Kadiri alivyofokewa, ndivyo alivyozidi kuwa bubu.

Bi Pimbi alichoka kusikiliza. Akaapa mtoto huyu haachwi. Akashuka jabalini, puru puru puru, na chungu cha maji kichwani.

"Jirani, hii ni dawa ya kufungua kinywa. Lakini anaanza mkubwa wa nyumba. Inama, useme humu ndani unachokiogopa. Ukidanganya, pembe zinalegea."

Pembe zenyewe Nyati alizisugua mtini kila asubuhi ili asifiwe. Akainama, akanguruma, "Siogopi kitu."

Bi Pimbi akatazama juu, akaguna. "Mmh. Ya kushoto hiyo."

"Ya kushoto imefanya nini?"

"Hamna kitu. Wewe endelea kudanganya."

Nyati akatikisa kichwa, tiki tiki. Akahisi kweli inacheza. Akainama tena, sauti imepungua kabisa.

"Mamba. Alinishika mguu nikiwa ndama. Mpaka leo nikivuka nafumba macho."

Tindo akainua kichwa. "Hata wewe, baba?"

Naye akaingiza pua chunguni, yakamtoka yote na kilio juu yake: alimwona mamba akimburuta swala, na tangu siku hiyo hajalala vizuri. Nyati akataka kufoka. Bi Pimbi akaitazama ile pembe. Nyati akafunga kinywa, akasikiliza mpaka mwisho.

Alfajiri wakavuka ubavu kwa ubavu, baba macho wazi.

Alipofika ng'ambo, Nyati akageuka kuuliza dawa ile ilikuwa ya mti gani.

"Maji ya mto huohuo," Bi Pimbi akajibu kutoka jabalini. "Na pembe zako nzima, mzee."

Nami naishia hapo mtoni, na neno langu ni hili: ukitaka mtoto akuambie linalomsumbua, anza wewe kumwambia lako.