Bi Pimbi wa Upande wa Kiu

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo wanyama walijenga nyumba, wakapika ugali na kununiana na majirani zao kama sisi, palikuwa na kijiji kikiitwa Mwambani. Wewe huko nyuma, acha kumfinya mwenzako, usikilize.

Mwambani palikuwa na chemchemi moja tu, chini ya mwamba mkubwa. Juu ya mwamba huo aliishi Bi Pimbi na wanawe. Alikuwa mdogo, hata akisimama wima hafiki goti la pundamilia. Lakini mdomo alikuwa nao. Lo! Mdomo alikuwa nao!

Wanyama wa pale walisali kwa namna mbili. Watu wa Mawio walisali jua likichomoza, kwa nyimbo, na mkubwa wao alikuwa Mzee Nyati. Watu wa Machweo walisali jua likizama, kwa ngoma, na mkubwa wao alikuwa Mzee Tembo.

Nao walikuwa na desturi moja nzuri. Mwenye sikukuu hashiki ufagio. Sikukuu ya Mawio ikifika, Watu wa Machweo ndio waliokwenda kuufagia uwanja wa wenzao, chwa! chwa! chwa! Ya Machweo ikifika, Mawio nao hufagia. Halafu wote hula pamoja mpaka matumbo yawaume.

Bwana Kiboko yeye alisali kote kote, kutegemea wapi wamepika vizuri. Alikaa bondeni kwenye kidimbwi kilichokuwa kikikauka, na kila alipopita chemchemini alimeza mate.

Basi, asubuhi ya sikukuu ya Mawio, Mzee Nyati alifungua lango la uwanja wao. Salaale! Matope kila mahali! Matope kwenye mikeka, matope kutani, matope mpaka kwenye kiti chake cha ibada.

"Nani aliingia humu mwisho?" Nyati akanguruma.

"Watu wa Machweo! Si ndio waliofagia jana?" wakajibu wenzake.

Hakuna aliyeuliza kama kuna mwingine aliyepita baada yao. Hata mmoja!

Siku chache baadaye, ngoma kubwa ya Machweo ikakutwa imepasuka, mbao huku, ngozi kule.

"Wamelipiza!" akapiga kelele Tembo. "Wametuvunjia ngoma kwa kosa ambalo hatukulifanya!"

"Waongo hao, wameivunja wenyewe ili watusingizie!" wakajibu Mawio.

Basi hapo yakafukuliwa ya zamani yote. Nani alisinzia kwenye ibada ya nani, nani alicheka wenzake wakiimba, babu ya nani alimnyima ugali babu ya nani. Mara kibanda cha Ngiri kikachomwa moto. Mara mtoto wa Pundamilia akavunjwa mguu. Na kila aliyetupa jiwe alisema anamtetea Mungu.

Ndipo Kiboko akaja, machozi yanamtiririka.

"Jamani, jamani! Mimi nasali kwenu na nasali kwao. Mtauana hapa chemchemini. Hebu maji niyashike mimi, kwa muda tu, mpaka mjue Mungu ni wa nani."

"Bora Kiboko kuliko wale," akasema Nyati.

"Bora Kiboko kuliko wale," akasema Tembo.

Siku ile walikubaliana kwa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa la kijinga.

Chubwi! Kiboko akajitosa. Akaijaza chemchemi yote, mgongo huku, makalio kule. Ukisogea na kibuyu, anafungua kinywa, aaaah! Unakimbia bila kuaga.

Kule juu ya mwamba, mtoto mdogo wa Bi Pimbi midomo ilimpasuka kwa kiu. Alikuwa halii tena, na hilo ndilo lililomtisha mama yake. Bi Pimbi akachukua kibuyu, akashuka.

"Wewe ni wa upande gani?" akauliza Kiboko.

"Wa upande wa kiu. Nipe maji, mwanangu anakufa."

"Ho ho ho! Upande huo siujui. Nikikupa wewe, Mawio watasema nimewapendelea Machweo, na Machweo watasema nimewapendelea Mawio. Mimi napenda haki, bibi."

"Basi wapatanishe, sote tunywe."

"Nani, mimi?" Kiboko akajigeuza majini kwa raha, bloo, bloo. "Wakipatana, mimi nitalala wapi?"

Pale pale Bi Pimbi akajua. Alikamua majani mabichi, akamtilia mwanawe matone mdomoni, akaenda mbio kwa Nyati.

"Shikamoo, Mzee. Aliyemwaga matope ni Kiboko. Tazama nani anayeoga peke yake."

"Umetumwa na Machweo!" Nyati akachimba ardhi kwa kwato. "Toka!"

Akaenda kwa Tembo.

"Shikamoo, Mzee. Aliyevunja ngoma ni Kiboko."

"Umetumwa na Mawio!" Tembo akainua mguu. "Toka kabla sijakukanyaga!"

Bi Pimbi akatoka, akasonya sonyo refu lililosikika mpaka bondeni.

"Ahaa! Kweli yangu hamuitaki? Basi nitawapa uongo mnaoupenda."

Kesho yake akarudi kwa Nyati, uso ameuinamisha.

"Nisamehe, Mzee, jana nilikosea. Leo adhuhuri Tembo anakwenda kwa Kiboko kukiri kwamba wao ndio waliomwaga matope. Ukijificha upande wa kulia wa mwamba, utamsikia kwa masikio yako."

"Tembo akiri? Lazima nisikie!" Nyati akatimka, tifu! Hata fimbo yake aliisahau.

Akaenda kwa Tembo. "Nisamehe, Mzee. Leo adhuhuri Nyati anakwenda kukiri kwamba wao ndio waliovunja ngoma. Jifiche upande wa kushoto wa mwamba."

Tembo akatoka mbio, masikio yanapepea. Haya, Tembo akajificha. Kichwa nyuma ya mwamba, makalio yote nje! Msicheke bado.

Wazee walipokwisha kutulia, huyu kulia na yule kushoto, Bi Pimbi akashuka kwa Kiboko.

"Bwana Kiboko, pole."

"Pole ya nini?"

"Si haya wanayosema huko. Eti aliyewagombanisha Mawio na Machweo ni Mamba. Eti bila akili za Mamba, wewe ungekuwa mpaka leo unalamba tope kidimbwini. Na Mamba mwenyewe anakuja kudai nusu ya chemchemi, ile nusu yenye kina."

"MAMBA?" Maji yakaruka mpaka juu ya mwamba. "Mamba anajua nini, yule gogo lenye meno! Ni mimi! Mimi mwenyewe!"

"Wewe? Aa, hapana. Matope yote yale utayabebaje?"

"Kwa kinywa hiki! Walipomaliza tu kufagia wakaenda zao, nikaingia. Fyaa! Fyaa! Kiti cha Nyati nikakitemea mara mbili!"

"Na ngoma?"

"Niliikalia. Puu! Ikaisha."

"Hebu acha! Na wasikushuku, wazee wazima wale?"

Kiboko akacheka mpaka akakohoa. "Wanishuku kwa lipi? Mimi nilipeleka matope tu, bibi. Hasira walikuwa nayo wenyewe. Kila mmoja alikuwa anangoja kuambiwa kwamba mwenzake ni mbaya!"

Upande wa kulia Nyati akatoka. Upande wa kushoto Tembo akatoka. Wakatazamana.

"Umekuja kufanya nini?" akauliza Nyati.

"Kukusikia ukikiri. Na wewe je?"

"Mimi... hivyo hivyo."

Kila mmoja akaona aibu na kutazama chini. Halafu wakageuka pamoja kumtazama Kiboko.

"Wazee wangu," akasema Kiboko, "mnajua mimi nasali kote..."

Gubu! Pembe mbili na mkonga mmoja. Kiboko akabiringika bondeni, gudu gudu gudu, mpaka mto mkubwa ulio mbali kabisa, chubwi! Mpaka leo mchana kutwa amejificha majini, ametoa macho na masikio tu, anasikiliza kama kuna anayemtaja.

Wanyama wakaja mbio kutoka kila upande, ndimi nje. Lakini Bi Pimbi alikuwa amesimama kwenye ukingo wa chemchemi, na kila mkono una ufagio.

"Hakuna kunywa! Wanangu kwanza, na watoto wenu. Nyinyi wakubwa, simameni hapo."

"Wewe Pimbi," akasema Nyati, "umetudanganya."

"Ndiyo, nimewadanganya! Nilikuja na kweli mkanifukuza. Nilikuja na uongo mkakimbia mpaka mkanipita njiani. Ningewaita kupatana mngekuja?"

"Tupishe, tuna kiu. Tutakukanyaga," wakafoka wakubwa.

"Nikanyageni."

Hakusogea.

"Lakini Bi Pimbi," akasema Tembo kwa upole, "si umesikia? Ni Kiboko."

"Kiboko alimwaga matope, akakalia ngoma. Kibanda cha Ngiri nani alikichoma, Kiboko? Mguu wa mtoto wa Pundamilia nani aliuvunja, Kiboko? Semeni, nawasikiliza!"

Mtoto wa Pundamilia akapita katikati yao akichechemea, akainama kunywa. Sauti yake ya kunywa ndiyo pekee iliyosikika.

Bi Pimbi akatupa fagio zote mbili chini.

Tembo akaokota mmoja kwa mkonga, akashika njia ya uwanja wa Mawio, ambako matope yalikuwa yamekwisha kukauka. Nyati akauma wa pili kwa meno, akaenda uwanja wa Machweo kukusanya vipande vya ngoma. Wengine wakawafuata, na kiu yao, bila kunung'unika. Chwa! Chwa! Chwa! Mwambani kote.

Mtoto mdogo wa Bi Pimbi alikunywa mpaka tumbo likawa duara. Akafuta mdomo, akauliza, "Mama, kwani Mungu ni wa nani?"

"Waulize wale," akasema mama yake, "wakimaliza kufagia."

Na funzo lake ndilo hili, mlishike: akija mtu kukugombanisha na jirani yako kwa jina la Mungu, tazama kwanza ni nani atakayebaki na maji.