Mfereji wa Diwani Mgaza

Diwani Mgaza aliitisha mkutano, akawataka wanakijiji wachimbe mfereji upitie shambani kwake. Bustani za wajane, upande wa pili wa kijiji, zilikuwa zinakauka. Bi Sikudhani, mmoja wa wajane hao, akasimama kwa adabu.

"Mheshimiwa, tupime kwanza faida na hasara. Wewe utafaidika nini?"

Mgaza akautazama umati. "Mimi? Sifaidiki chochote. Nafanya kwa ajili yenu."

"Na hasara?"

"Yote ni yangu. Mfereji utanimegea shamba."

Bi Sikudhani akamwonea huruma. "Jamani, tusimtie hasara mtu mwema hivi. Sisi wajane tuko tayari kumegewa bustani zetu. Anayekubali mfereji upite kwetu, anyooshe mkono."

Mikono ikanyooka kila upande. Watu wakamgeukia Mgaza, naye akaunyoosha wake taratibu.