Mawe ya Tembo na Karanga za Ushirika

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima karanga, wakioza mabinti zao na kugombana na majirani kama sisi, bonde moja lilikuwa na Chama cha Ushirika. Kila nyumba ililima ngwe yake, yaani kipande chake cha shamba, kwa kadiri ya nguvu zake. Karanga za kula kila mtu alibeba kwake. Karanga za mbegu ziliwekwa pamoja ghalani, na hakuna aliyezigusa mpaka mvua ikaribie.

Bi Kindi alikuwa mwanachama. Alikuwa mjane mwenye watoto wengi, mkia mkubwa kuliko mwili, na mdomo ambao hakuna aliyewahi kuukuta umefungwa. Mwaka huo hakuwa na mbegu nyingine popote ila zile za ghalani. Zikipotea hizo, wanawe wangetafuna magome ya miti, na wazo hilo lilimkosesha usingizi.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Tembo, na makamu wake Mzee Kiboko. Hawa wawili walipenda vikao kuliko kulima, kwa sababu kikao kina posho. Posho ilipokwisha, wakaanza kulimezea mate ghala. Lakini kila walipopendekeza mbegu zigawiwe posho, wadogo walikataa kwa kuinua mikono, na wadogo, wanangu, mikono yao ni mingi.

Basi Tembo akapeleka habari kwa Mfalme Simba kwamba chama hakina sera. Simba hakujua kama sera ni kitu cha kula au cha kuvaa, akaona aibu kuuliza, akatuma mtaalamu. Mtaalamu mwenyewe alikuwa Bwana Korongo. Alifika, akasimama kwa mguu mmoja, akakohoa.

"Ndugu wadau, nimekuja kukusanya maoni yenu kuhusu sera. Rasimu nimekwisha kuiandika."

"Sasa maoni ya nini?" aliuliza Bi Panya, jirani yake Kindi.

"Ya kuipitisha," Korongo alimjibu.

Tembo akainuka, puu, puu, vumbi likatimka. "Mimi nina jambo dogo tu. Hivi kweli kura yangu, na mwili wote huu, ilingane na kura ya Panya? Napendekeza kura ziende kwa uzito."

"Hapo umesema," Kiboko aliunga mkono, huku akijipapasa tumbo.

Wadogo wakaguna. Panya akamnong'oneza Kindi, "Shoga, tumekwisha. Mbegu ndiyo hizo zinaondoka."

Kusema kweli, Kindi aliogopa. Lakini alijua kwamba mkubwa akishajisikia, kubishana naye ni kumpigia mbuzi gitaa. Akapanda juu ya kisiki ili aonekane.

"Mwenyekiti, wazo lako limenikosha," alisema. "Ila umejipunja. Kwenye kura uhesabiwe Tembo, halafu kwingine uhesabiwe sawa na Panya? Haipendezi. Kifungu kisomeke hivi: uzito wa mwanachama utatumika katika mambo yote ya chama."

"Mambo yote?" Tembo aliuliza. Akilini aliona viti vya mbele na sinia za karanga.

"Yote, mzee wangu. Mkubwa ni mkubwa."

"Huyu mama amelelewa," Tembo alimwambia Kiboko. "Andika, mtaalamu."

Korongo akaandika kwa furaha. Maneno 'mambo yote' yalimwokoa na kazi ya kuyataja mambo yenyewe.

Panya akamkata jicho Kindi. "Umetuuza?"

"Tulia, shoga. Kaa utazame."

Wakalaza gogo juu ya mwamba, likawa mizani. Mwanachama angekaa upande mmoja, na upande wa pili yapangwe mawe mpaka gogo lilingane. Kila jiwe kura moja. Hapo ndipo Kindi alipoanza kuzungukia watu.

"Wanasema Tembo ni masikio matupu," alimwambia Kiboko. "Wanasema wewe ndiye mzito."

"Wanasema Kiboko anakuzidi," alimwambia Tembo. "Lakini mimi nimewakatalia."

Siku ya kupima, Kiboko alishinda mtoni akinywa maji, gluku, gluku, gluku, mpaka samaki wakaingia wasiwasi. Tembo alikula mabua ya shamba zima, kisha akajipaka matope mgongoni tabaka juu ya tabaka. Alipokanyaga gogo, lililia kwaa. Mawe yakapangwa, yakapangwa, mpaka wapangaji wakaomba kupumzika. Rundo la Kiboko likazidiwa kidogo tu na la Tembo, naye akanuna na kudai kwamba hakupewa muda wa kunywa. Wadogo wote walirundikana pamoja juu ya gogo, wakaambulia mawe ya kujaza kikapu.

Korongo akakanyaga wino, akapiga muhuri kwa unyayo wake chini ya sera, kwa jina la Mfalme, tap. Sera ikawa sheria ya bonde.

"Ajenda ya kwanza ni ghala," Tembo alisema.

"Ghala halina miguu, Mwenyekiti," alisema Kindi. "Mawingu yale pale yanajikusanya. Tugawe ngwe kwanza. Posho ya mtu aliyelima haina wa kuisema."

Tembo akaona ni sawa, maana ngwe yake kila mwaka aliimaliza kabla ya jua kupanda, kisha akalala. "Haya, gawa."

Kindi akaokota jiwe kwenye rundo la Tembo. "Jiwe hili, ngwe moja." Akaokota lingine. "Hili, ngwe nyingine."

"Wewe, hizo ni kura," Tembo alisema.

"Ni uzito, mzee wangu. Bwana Korongo, hebu tusomee kile kifungu."

Korongo akakisoma, tena kwa madaha. Tembo akataka kukataa, lakini kukataa mbele ya watu kungekuwa kukiri kwamba yeye si mkubwa kiasi hicho. Akapewa shamba kutoka mtoni mpaka kilimani, na Kiboko akapewa kutoka kilimani mpaka macho yalipochoka kutazama. Wadogo walipata kipande cha kutosha kuanikia nguo. Wakakilima, wakakaa kivulini kuchambua mboga.

Kule juani majembe yalilia pah, pah, pah. Walilima leo, wakalima kesho. Nusu ya shamba ilipokwisha, Tembo alikuwa ameshika kiuno, na Kiboko, ambaye ngozi yake na jua haviivi chungu kimoja, alikuwa na magaga mpaka mashavuni.

"Uzito ule haukuwa wangu," Kiboko alilalamika. "Yalikuwa maji, na nimekwisha kuyakojoa."

Kikao kikaitishwa. Tembo akasema, "Napendekeza ngwe zirudi kama zamani, kila nyumba kwa kadiri ya nguvu zake. Ila kura zibaki kwa uzito."

Kindi akamgeukia Kiboko, akamuuliza kwa upole kama anayeuliza bei ya dagaa, "Mzee Kiboko, rundo lake si linalizidi lako? Kesho akipiga kura kwamba shamba lote ulime wewe, utamzuia kwa kitu gani?"

Kiboko akamtazama Tembo. Tembo akatazama mawingu. Jambo hilo alikuwa ameshaliwaza tangu asubuhi.

"Kumbe," alisema Kiboko.

"Mawe yako peke yake hayafiki," Kindi aliendelea. "Ila ukiongeza kikapu chetu, huenda yakamzidi. Tufute uzito, kura na ngwe, vyote."

Mawe ya Tembo yakawekwa upande mmoja wa gogo. Upande wa pili Kiboko akaweka yake, kisha wadogo wakamimina kikapu. Gogo likayumba, likasita. Panya akaweka jiwe lililobaki, nalo likalala upande wao, kwaa. Korongo akafuta, akaandika upya: mwanachama mmoja, kura moja. Akawaambia kwamba hivyo ndivyo alivyokusudia toka mwanzo.

"Sasa ghala," alisema Kindi, akapanda tena kisikini. "Wanaotaka mbegu ziwe posho, wainue mikono."

Tembo akainua mkonga. Kiboko naye akainua mkono, kwa mazoea.

"Wanaokataa."

Mikono ikachomoza kwenye majani, kwenye mashimo, kwenye matawi. Kindi aliinua wake kwa nguvu mpaka akaanguka kutoka kisikini. Akalia pale pale chini kwa furaha, wala hakuona haya. Kabla mvua haijanyesha, mbegu zilitoka ghalani zikaenda shambani, na nyingi zilipandwa katika ardhi iliyolimwa na wazee wawili.

Kikao kilipovunjika, Tembo alibaki akizungukazunguka.

"Bi Kindi," alisema kwa sauti ndogo. "Na posho yangu? Nimekaa kikao, mama."

Kindi akatia kidole shavuni, akatoa karanga, akaipangusa vizuri, akamwekea kwenye ncha ya mkonga.

"Mwanachama mmoja, karanga moja," alimwambia, akaenda zake kupanda.

Ndiyo hivyo, wanangu: anayetaka kuhesabiwa mkubwa kikaoni, akubali kuhesabiwa mkubwa shambani.