Mfalme Aliyefuta Hodi

Sogezeni mikeka, ingawa hadithi hii huniudhi kila niisimuliapo.

Palikuwa na mji mchanga, na zimwi liliuzunguka kila jioni likibisha hodi. Lisipojibiwa "karibu," halikuweza kuvuka kizingiti. Ndiyo sheria ya mazimwi.

Mfalme akaingiwa na hofu, akatangaza: "Kwa usalama wenu, nimeifuta hodi. Askari wangu wataingia popote kulisaka zimwi."

Mwanamize mfinyanzi akapaza sauti: "Mfalme, hodi ndiyo ngao yetu!"

"Asiye na la kuficha anaogopa nini?"

Askari wakaingia kwake, wakamkuta anaoga. Wakaingia tena, wakavunja vyungu vyake. Mara ya tatu wakamng'olea mlango. Mwanamize akalia kwa uchungu: zimwi halijawahi kumfanyia hivyo!

Zimwi nalo lilikuwa limelisikia tangazo. Jioni likaingia ikulu moja kwa moja, likawameza askari wote. Mfalme akakimbilia kwa Mwanamize, akitweta: "Hodi! Hodi! Hodi, mama!"

"Pita tu, bwana, hodi si uliifuta? Ila mlango wa kufunga nyuma yako, waliubeba askari wako."

Mfalme akapita. Zimwi nalo likapita.