Mashine Iliyopona Kabla ya Kesi

Kibovu hushtakiwa kibovu.

Ndivyo Nyanzobe alivyowaambia asubuhi ya leo pale stendi, alipowaona mnaikimbiza kwa fundi ile simu iliyozima kabla ya kumaliza mwaka wa pili. Mkacheka. Mkadhani ni porojo za mama muuza mayai. Baadaye mkauliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka kwa wahenga, yametoka kwenye shida yake mwenyewe, na yeye hapendi kuieleza. Basi kaeni, ielezwe kwa niaba yake. Shida yenyewe ni hii: mayai mia tatu na kumi na mbili yaliungua ndani ya mashine, na aliyeyalipa ni mtu asiye na kosa.

Nyanzobe alikuwa mjane wa kijiji cha Mwabasabi, na kazi yake ilikuwa kutotolesha vifaranga. Mashine yake ilikuwa sanduku jeupe la bati, lina kioo mbele na namba nyekundu za kuonyesha joto. Watu walimletea mayai ya kuku wao. Yeye aliandika jina la mwenyewe kwa penseli juu ya kila ganda, akayapanga kwenye trei, na siku ya ishirini na moja mwenye mayai alirudi na kapu. Katika kila vifaranga kumi, kimoja kilibaki kwa Nyanzobe. Huo ndio uliokuwa ujira wake, na kwa ujira huo alikuwa amefikisha matetea thelathini na wanne.

Sasa, kule kwao yai la kula likivunjika hulipwa kwa yai. Yai la kutotolesha ni jambo jingine. Hilo limeshahesabiwa kuwa kuku. Mayai kumi yakifia mikononi mwa mtu, hulipa tetea mmoja anayetaga, na hapana kubishana. Desturi hiyo Nyanzobe aliikuta duniani, na yeye mwenyewe alikuwa ameshawahi kulipwa kwayo.

Mashine ilipofika miaka miwili na miezi minne, siku moja alifungua mlango kugeuza mayai akakutana na harufu nzito. Namba zilisema thelathini na saba na nusu, kama kawaida. Alipasua yai moja. Kifaranga kilikuwa kimekaukia ndani, manyoya yamegandamana na ganda. Akapasua la pili, la tatu, la kumi. Kisha akaenda kuazima kipimajoto cha homa kwa muuguzi wa zahanati, akakilaza ndani ya trei. Kilipanda hadi namba ya mwisho, arobaini na mbili, kikakwama hapo kwa kukosa pa kwenda. Namba nyekundu bado zilisema thelathini na saba na nusu.

Mashine ilikuwa inasema uongo, na haijulikani ilikuwa imeanza lini.

Kumi na mbili kati ya mayai yale yalikuwa yake. Mia tatu yalikuwa ya watu. Nyanzobe hakuhitaji karatasi kupiga hesabu hiyo: matetea thelathini. Angebaki na wanne.

Alipanda gari kwenda mjini kwa Bwana Luhende, aliyemuuzia mashine. Risiti alikuwa nayo, ameihifadhi ndani ya kitabu cha kliniki. Luhende aliitazama, akatabasamu.

"Mama yangu, dhamana ni mwaka mmoja. Hii ina miaka miwili na zaidi. Siku hizi hata ndoa hazifiki huko."

"Ndoa sikununua kwako," Nyanzobe akasema. "Nilinunua mashine."

Wateja wawili walicheka. Luhende hakupenda.

"Basi nikuambie ukweli. Mashine hizi haziharibiki zenyewe. Ninyi mnaziweka jikoni, zinakula moshi, panya wanalala ndani. Umeitunza kama jiko la kuni, halafu unakuja hapa kudai. Nenda kaioshe kwanza."

Maneno hayo yalimwingia kuliko habari ya dhamana. Nyanzobe alikuwa mtu wa usafi. Mama yake alimlea akijua kwamba chungu cha jirani hakirudi na masizi, na ungo wa kuazima hurudi umepanguswa. Kuambiwa mchafu mbele ya watu kulimchoma, na alirudi nyumbani akiwa na nia moja: kumwonyesha Luhende kwamba kitu chake kimetunzwa.

Akampelekea mashine Fundi Masele, mtoto wa dada wa marehemu mumewe. Masele alikata stika ya kiwandani, akafungua kifuniko, akaangalia kwa muda mfupi tu.

"Mama, hii ni ya tatu mwaka huu, na zote ni za aina hii. Unaona sensa, hiki kidude kinachopima joto? Wameipachika juu kabisa, penye feni, inapigwa na upepo. Ikianza kuchoka inadhani kuna baridi, inaagiza moto. Huu si uchafu. Imezaliwa hivi."

"Kwa hiyo kosa si langu?"

"Si lako hata kidogo. Na usitishwe na dhamana. Dhamana ni ahadi ya duka. Kasoro iliyotoka nayo kiwandani haifutwi na kalenda. Pale wilayani kuna ofisi ya malalamiko ya wanunuzi. Ipeleke hivi hivi, na harufu yake."

Nyanzobe alimtazama kana kwamba amemtukana.

"Nibebe uvundo mpaka ofisi ya serikali? Niweke mezani maganda na vifaranga vilivyooza? Luhende ameshaniita mchafu mara moja, Masele. Wewe nitengenezee. Nataka waone imetunzwa, wajue mimi si mtu wa hovyo. Ninachodai ni mayai ya watu, basi."

"Mama..."

"Tengeneza."

Masele alitengeneza. Fundi hulipwa kwa kutengeneza, halipwi kwa kubishana na mke wa mjomba wake. Alitoa ile sensa, akatia nyingine ya namna tofauti, akaishusha chini karibu na trei. Alipomaliza alimwonyesha kile kidude cha zamani, hakizidi ukucha wa kidole gumba.

"Hiki nikufungie kwenye karatasi?"

"Uozo niufanyie nini? Tupa."

Kikaingia kwenye gunia la vyuma chakavu. Siku ya gulio gunia likapimwa kwa kilo, likaenda zake. Nyanzobe naye aliiosha mashine kwa sabuni na ndimu, akasugua pembe zake kwa kijiti, akakausha kioo kwa khanga safi. Iling'aa kuliko siku aliyoinunua.

Ofisi ile ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kabati na benchi la watu wanaongoja zamu. Afisa wake alikuwa Bi Kokusima, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Luhende aliitwa, akaja. Nyanzobe alieleza yote bila kuruka, na kila alipofika kwenye jambo zito Bi Kokusima aliandika.

"Mama," afisa akasema, "kama kasoro ilikuwamo tangu kiwandani, muuzaji hajifichi nyuma ya dhamana iliyokwisha. Hilo nakuhakikishia. Sasa tuione."

Wakaiwasha pale mezani. Bi Kokusima alitia kipimajoto chake ndani, wakakaa kungoja. Namba nyekundu zilipanda taratibu, thelathini, thelathini na tano, zikafika thelathini na saba na nusu, zikatulia. Kipimajoto nacho kikasema hivyo hivyo. Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita. Chumba kilinukia sabuni na ndimu.

Nyanzobe aliikodolea macho mashine yake. Kwa mara ya kwanza tangu ainunue, aliiombea iharibike.

Haikuharibika. Masele ni fundi mzuri.

"Mheshimiwa," Luhende akasema kwa upole kabisa, "mimi naona mashine nzima. Tena safi, mama hongera. Ila naona stika imekatwa. Ndani kuna kitu ambacho si cha kiwanda. Nani ajuaye fundi wa mtaani alitoa nini akatia nini? Pengine huyo ndiye aliyeunguza mayai."

"Muongo!" Nyanzobe akasema. "Mayai yaliungua kabla! Niliambiwa dukani kwako maneno ya uchafu, ndiyo maana nikatengeneza!"

"Ulikwenda dukani na mashine siku hiyo, mama?" Bi Kokusima akauliza.

"Nilikwenda na risiti."

"Kile kilichotolewa kiko wapi?"

"Nilisema kitupwe."

"Mayai?"

"Nilifukia. Yalikuwa yananuka."

"Kuna aliyeona kipimajoto kikipita kiasi?"

Hakuwapo mtu. Muuguzi alimwazima kipimajoto, hakufuatana naye.

Bi Kokusima aliweka kalamu chini. Masele angeweza kuitwa, lakini Masele ndiye aliyekata stika, na kila neno lake Luhende angeligeuza kuwa la mtu anayejitetea. Waliokuwa kwenye benchi wanasema sauti ya afisa haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kuona jambo lile lile.

"Mama, kibovu hushtakiwa kibovu. Ungeniletea ule uvundo ningemwambia huyu bwana akulipe, na ningezuia mashine zote za aina hii alizo nazo dukani. Hiki ulichoniletea hakina kosa. Nitakishtaki kwa lipi?"

Nyanzobe aliizima mashine. Kisha akaufunika ule usafi wake kwa khanga, akaubeba kichwani, akatoka. Luhende alimfungulia mlango.

Waliokuwa kwenye benchi walitoka na maneno yale, yakafika gulioni kabla ya jua kuzama. Ndipo yalipoanza kusemwa kwa kila jambo. Mtu akipigwa kisha akaosha damu kabla ya kufika kituoni, huambiwa hivyo. Mke akificha mabaya ya nyumba mpaka yapoe, kisha akaenda kuyasema kwa wazee wakamwona anatabasamu, huambiwa hivyo. Aibu yako ndiyo shahidi wako. Ukiisafisha, umemfukuza shahidi.

Mashine ile ipo mpaka leo na inafanya kazi, ila hakuna anayeiletea mayai. Mwenye mayai hasikilizi habari za sensa. Anakumbuka harufu.

Nanyi mkaichukue hiyo simu kwa fundi kabla hajaifungua, muirudishe dukani ikiwa imezima vile vile. Kibovu hushtakiwa kibovu. Mkiona ni maneno mepesi, hesabuni yalivyonunuliwa. Matetea thelathini, waliotolewa bandani mmoja mmoja kwa kufungwa miguu, katika siku mbili. Kaya kumi na moja zilizoacha kumwamini. Shoga mmoja, Bi Sayi, aliyepokea matetea wake sita mlangoni bila kukaribisha ndani, na mpaka sasa hajakaribisha. Mashine nyingine tisa za aina ile, ambazo Luhende aliziuza baada ya kesi. Na kidude kimoja kisichozidi ukucha wa kidole gumba.